LESENI YA KUJIPA MWENYEWE

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Ndugu msomaji, mwaka huu kuna neno moja la Kiingereza lililovuma hapa shuleni kuliko kengele ya mlo. Neno lenyewe ni "licentious". Lilitoka katika vitabu vya fasihi, likapita madarasani, likaingia mabwenini, na sasa limefika hadi kwenye foleni ya githeri. Mwenzako akiomba kuongezewa kijiko kimoja cha maharagwe, utasikia, "Wee, wewe ni licentious!" Aliyecheza densi mpaka shati likalowa jasho siku ya burudani anaitwa hivyo hivyo. Hata aliyenunua mandazi matano kwa pupa ameitwa hivyo. Jamani, neno hili limekuwa kama shuka la bweni, kila mtu anajifunika nalo.

Nimeshika kalamu kwa sababu mbili. Kwanza, neno hili lina maana yake, tena maana nzito, wala halifai kurushwa ovyo kama chaki. Pili, baadhi yetu wanadai kwamba Kiswahili hakina neno la jambo hilo, na kwamba ndiyo maana tunakopa kwa Waingereza. Nasema hapana. Kiswahili kina maneno ya jambo hilo, tena yamepangwa vizuri kuliko tunavyodhani. Tatizo liko kwetu sisi wasemaji, kwani maneno hayo tunayo lakini tunawapa wasiostahili, na wanaostahili tunawapigia makofi. Nitaeleza.

Tuanze na asili ya neno. "Licentious" limetokana na Kilatini, "licentia", maana yake ruhusa au uhuru wa kutenda. Kutoka hapo hapo ndipo Waingereza walipata neno ambalo sisi tumelitohoa tukapata leseni. Basi mwenye leseni na huyu "licentious" ni ndugu wa tumbo moja, ila mmoja alilelewa na mwingine akakimbia nyumbani. Angalia leseni ya dereva wa matatu. Ina jina lake, ina tarehe ya kuisha, ina aina ya gari analoruhusiwa kuendesha. Angalia leseni ya duka. Inataja duka lilipo na biashara inayofanywa humo. Leseni ni ruhusa iliyotolewa na mwingine, ikawekewa mipaka. Huyu ndugu mwingine amejiandikia leseni mwenyewe, akajipigia muhuri mwenyewe, na mahali pa mipaka hakuandika kitu. Hiyo ndiyo maana ya neno. Ni mtu, au tabia, au mahali palipojipa ruhusa ya raha bila kiasi na bila kujali anayeumia.

Kwa hivyo si kila anayefurahi ni "licentious". Raha si kosa. Mwenye kula sana ni mlafi, na ulafi una neno lake. Mwenye kutapanya pesa ni mbadhirifu. Mwenye kupenda mavazi ya bei na godoro laini ni mpenda anasa. Neno tunalozungumzia hutumiwa hasa kwa mambo ya mwili na tamaa zake, pale mtu anapovunja staha mbele za watu na kuona ni sawa tu. Huwezi kulitumia kwa kijana aliyeomba maharagwe. Ukilitumia hivyo katika insha, mwalimu wa Kiingereza atakuchora mstari mwekundu, na atakuwa na haki.

Haya, sasa tuje kwa Kiswahili chetu. Wanaosema hakina neno, hebu wakae chini kwanza. Tunalo neno kiasi, ambalo ndilo msingi wa jambo lote. Mtu mwema kwa Mswahili ni mtu wa kiasi. Kutoka hapo tuna kupita kiasi na kukithiri. Tuna israfu, neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kupita mpaka, na sisi tunalitumia kwa matumizi yasiyo na hesabu. Tuna uasherati, ambao ni wa mwili. Tuna fasiki, na matendo yake ni ufuska. Fasiki naye asili yake ni Kiarabu, na katika asili hiyo ni mtu aliyetoka nje ya mpaka uliowekwa. Hebu linganisha! Mlatini alitazama ruhusa, Mwarabu akatazama mpaka, na wote wawili wakamkuta mtu yule yule amesimama nje ya ua. Ukiniuliza mimi, mtu "licentious" kwa Kiswahili ni fasiki, na tabia yake ni ya kifasiki. Neno lipo, ni fupi, na kila mzee wa pwani analielewa.

Kuna na lile jingine ambalo sote tunalijua, fisadi. Hapa naomba msomaji asiharakishe, maana neno hili lina safari ndefu. Siku hizi ukisema fisadi, kila Mkenya anafikiria mtu wa tai aliyekula pesa za umma. Tume yetu iliyoundwa mwaka 2011 kupambana na uovu huo huitwa kwa Kiswahili Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Majirani zetu Watanzania, taasisi yao ina neno rushwa, lakini hata kwao kuanzia mwaka 2007, wanasiasa wa upinzani waliposoma hadharani orodha ya waliowaita mafisadi pale Mwembeyanga, Dar es Salaam, neno hilo lilishika kwenye vinywa vya watu kwa maana ya wizi wa mali ya umma. Lakini zamani haikuwa hivyo tu. Mzizi wake wa Kiarabu ni kuharibu, kuoza. Katika Kiswahili cha kale, fisadi alikuwa mharibifu, na hasa yule mwanamume anayeharibu wasichana na wake za watu. Kwa hivyo neno lilianza kwa anayeharibu mtu, likahamia kwa anayeharibu hazina. Mimi silalamiki kwamba limehama, kwa sababu lugha ni kama mto Nzoia, haikai mahali pamoja. Ninachouliza ni hiki: lilipohama, yule fisadi wa kwanza alibaki na jina gani? Nitajibu mbele kidogo.

Pengine mwenzangu unajiuliza, haya yote yanatuhusu nini sisi wa Lugulu, tulioko kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale, mbali na Warumi na mbali na pwani? Yanatuhusu sana. Hapa kwetu kuna jambo ambalo linafaa neno hili kama mpini na jembe, nalo ni disko matanga.

Tazama kwanza jina lenyewe. Matanga kwa Kiswahili ni kipindi cha kuomboleza. Watu hukaa matanga, wakiwa na wafiwa, wakilala chini, wakipika chai, wakisema kwa sauti ya chini. Kule pwani matanga huwa ya siku chache, kisha huondolewa na watu hurudi kazini, wala hutasikia ngoma katika nyumba hiyo. Sisi huku magharibi tumechukua neno hilo la majonzi, tukalibandika disko mbele. Ni kama kusema arusi ya kilio. Maneno mawili ambayo hayawezi kuketi kwenye benchi moja tumeyafunga kamba pamoja, na tumezoea hata hatushtuki tena.

Jinsi mambo yanavyokwenda kila mtu hapa anajua. Mtu anafariki. Kuna deni la hospitali, kuna jeneza, kuna chakula cha waombolezaji. Familia haina kitu. Basi vijana wanaleta jenereta, spika kubwa kama kabati na taa za rangi, na usiku wanachangisha pesa kwa muziki. Anayetaka wimbo fulani analipa. Anayetaka fulani acheze na fulani analipa. Anayetaka msichana aliyekaa kando asimame kati analipa, na mwingine akitaka aketi analipa zaidi. Mpaka saa nane, saa tisa usiku, sarafu zinaendelea kulia kwenye karai. Pembeni, penye giza la mahindi, kuna chang'aa, na kuna watu wazima wa umri wa baba zetu wanaonunulia watoto wa shule soda. Asubuhi marehemu bado yuko pale pale, na pesa iliyopatikana pengine haitoshi hata mbao.

Serikali imepiga marufuku disko matanga huku magharibi si mara moja, na machifu wameambiwa wawe macho. Bado mwezi hauishi kabla hujasikia spika upande wa pili wa bonde. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu hatujaliita kwa jina lake. Tunaliita "kuchangia mazishi". Tunaliita "kuchangamsha wafiwa". Vijana wanaliita kujibamba. Jina tamu huficha dawa chungu, na huficha sumu pia.

Sasa kuna watakaosema, "Wewe mwandishi umeghiribiwa na vitabu, umesahau kwamba sisi Wabukusu ni watu wa sherehe." Hapo ndipo ninapotaka kusimama kwa nguvu zangu zote. Naam, sisi ni watu wa sherehe. Lakini hakuna sherehe ya babu zetu iliyokosa mipaka. Tuchukue busaa. Wazee walikaa kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na lusekhe wake, ule mrija mrefu wa kunywea. Kulikuwa na nani anakaa wapi, nani anaanza, na nani hana ruhusa ya kukaribia. Mtoto hakukaa pale. Mkwe na mama mkwe hawakukaribiana pale. Chungu kilikuwa na adabu kuliko baa nyingi za mjini.

Tuchukue tohara. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi wa Agosti, kijana anafunga njuga mikononi, anapita kwa jamaa akiwaalika, anakwenda kwa mjomba wake, khocha, ambaye humvika kipande cha nyama shingoni, na alfajiri anatoka mtoni akiwa amepakwa matope huku watu wakiimba. Katika nyimbo za msimu huo mna maneno ambayo siku nyingine ukiyatamka mbele ya kuka au kukhu utachapwa mpaka usahau jina lako. Msimu huo wanayasikia na wanacheka. Mgeni akipita atasema, hawa watu hawana haya. Kumbe hajaelewa. Ile ni leseni kamili. Ina mwaka wake, ina mwezi wake, ina mahali pake na ina kazi yake, ambayo ni kumtia kijana ujasiri mbele ya kisu. Msimu ukiisha na maneno yameisha. Ukiyaimba mwaka usio na tohara utaulizwa una akili timamu kweli.

Na tuchukue kifo chenyewe, kwa sababu ndicho disko matanga linachokidai. Wabukusu tulikuwa na bado tunayo desturi ya kuswala kumuse. Mzee wa heshima anapofariki, siku chache baada ya mazishi, watu hukusanyika na msemaji maalumu husimama na fimbo yake, akatembea mbele ya watu akisema. Huyo si mtu wa kuokota barabarani. Anaijua historia ya koo, anajua nani alitoka wapi, anawafariji wafiwa na anawaonya walio hai kuhusu ugomvi, wivu, uchawi na ulevi. Watu huketi wakasikiliza, wala hakuna anayemkatiza. Manguliechi alisifika kote Bungoma kwa kazi hiyo, na wasomi wa vyuo vikuu walimfuata na vinasa sauti vyao ili wajifunze kwake. Basi niambie, msomaji. Tulikuwa na mtu mmoja mwenye fimbo aliyetufundisha kuishi kwa kifo cha mwenzetu. Tumembadilisha na mtu mmoja mwenye kipaza sauti anayeuliza nani anaongeza shilingi hamsini ili yule binti acheze. Hiyo ni mila? Hiyo mila ya nani?

Wakristo nao hawakuja kutufundisha kiasi kana kwamba hatukukijua, ingawa walikikazia. Marafiki, yaani Wakweka, walifika Kaimosi kutoka Marekani mwaka 1902, na baadaye kazi yao ikafika hapa Lugulu, ambako mpaka leo tuna hospitali na shule zilizoanzishwa chini ya kanisa hilo. Wao walikataza washiriki wao pombe kabisa na wakasisitiza maisha ya kawaida yasiyo na mbwembwe. Wazee wengine hapo walivutana nao kuhusu busaa, na mvutano huo haujaisha vizuri hadi leo. Lakini mzee wa busaa na mzee wa kanisa, ukiwaweka pamoja mbele ya disko matanga, watatikisa kichwa kwa pamoja. Mmoja anasema usinywe, mwingine anasema kunywa mahali pako na wakati wako. Hakuna hata mmoja anayesema fanya utakavyo.

Na sheria ya nchi nayo inasema vivyo hivyo. Mwaka 2010 Kenya ilipitisha sheria ya kudhibiti vileo, na ndiyo iliyoruhusu chang'aa kutengenezwa kwa masharti baada ya kupigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980. Wengine walishangilia wakidhani mlango umefunguliwa wazi. Hawakusoma. Sheria ile ilidai leseni. Ilikataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Ilikataza baa kuwa ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Iliweka saa za kufungua na kufunga, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Umeona? Leseni ni masharti. Penye giza la mahindi saa nane usiku hakuna leseni, kuna ile ya kujipa mwenyewe.

Sasa nafika pale nilipoahidi kufika, na hapa ndipo panapouma.

Baada ya miezi kadhaa ya disko hizo, dawati moja darasani hubaki tupu. Sihitaji kutaja jina la mtu yeyote, na sitataja. Kila darasa katika kila shule ya eneo hili lina dawati kama hilo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Kenya nzima, kati ya wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19, 15 walikuwa wamewahi kupata mimba. Serikali ilianza sera ya kuwaruhusu wasichana kurudi shuleni baada ya kujifungua mwaka 1994. Kwa hivyo mlango upo. Lakini msichana huyo anaporudi, je, anapokewa kwa maneno gani? Tusidanganyane. Anaitwa malaya. Anaitwa mwasherati. Na kwa kuwa sasa tuna Kiingereza kipya, anaitwa "licentious", na wanaocheka wanajiona wamesoma.

Na yule mtu mzima aliyenunua soda na kulipa shilingi hamsini ili binti asimame kati? Huyo anaitwa mdhamini. Anaitwa mkarimu. Siku ya mazishi anapewa kipaza sauti asalimie watu, na sisi wote tunajibu salamu. Neno mwasherati, ukiliangalia kisarufi, liko katika ngeli ya A-WA. Halina uke wala uume. Ni sisi tulioamua kwamba litavaa sketi. Na lile neno fisadi, ambalo asili yake lilimlenga hasa mwanamume anayeharibu mabinti, tumelipeleka Nairobi likawafuate wezi wa hazina, na hapa nyumbani fisadi wa kwanza akabaki bila jina. Mtu asiye na jina hawezi kushtakiwa. Hata chifu akija ataandika nini kwenye daftari lake?

Sheria yenyewe haina kigugumizi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inasema kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtu anayemnajisi mtoto wa miaka 16 hadi 18 anastahili kifungo kisichopungua miaka 15, na kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15 kisichopungua miaka 20. Haikusema isipokuwa kwenye matanga. Haikusema isipokuwa aliyenunua soda. Sheria imemwita mhalifu, lakini kijiji kimemwita mkarimu, na kijijini lugha ya kijiji ndiyo inayoshinda. Ndiyo maana nasema jambo hili ni la Chama cha Kiswahili. Polisi wana kazi yao, wazazi wana yao, na sisi kazi yetu ni maneno.

Najua pingamizi zitakuja, na nyingine zina uzito. Wapo watakaosema kwamba familia maskini isipochangisha usiku haitaweza kuzika. Hilo ni kweli kwa upande mmoja. Umaskini ni wa kweli na deni la hospitali ni la kweli. Lakini harambee ya mchana ipo, na sisi Wakenya ndio tulioifanya harambee kuwa neno la nchi nzima. Kikundi cha akina mama kikipita na kitabu cha michango saa nne asubuhi, pesa haipiti kwenye mfuko wa mwenye spika, na hakuna binti anayepigwa mnada. Wapo watakaosema kwamba vijana hawana mahali pengine pa kujiburudisha. Hapo nakubali zaidi. Ukimfungia kijana kila mlango wa raha halali, ataruka dirisha. Katika vijiji vingi huku uwanja wa mpira umelimwa mahindi, ukumbi hauna taa, na mtu mzima pekee anayewakaribisha vijana ni mwenye disko. Wakubwa wanaotulaumu wangetupa uwanja na mpira kabla ya kutupa hotuba. Na wapo wavulana wenzangu watakaosema kwamba nawaonea. Sijawaonea. Nasema tu kwamba mtu akienda mahali ambapo wenzake wanauzwa kwa shilingi hamsini, akasimama pale akipiga makofi, hawezi kusema hakuwepo.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo matatu, na yote hayahitaji bajeti. La kwanza, tuache kulitupa neno "licentious" kwenye foleni ya githeri. Neno likitumiwa kwa kila kitu halimaanishi kitu, na siku utakapolihitaji utalikuta limechakaa. La pili, msichana anayerudi shuleni apokewe kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, basi. Asipewe jina jingine kwa Kiswahili, kwa Kiingereza wala kwa Lubukusu. Mabwenini ndiko majina hayo huzaliwa, na mabwenini ndiko yanaweza kufia. La tatu, tumrudishie fisadi wa kwanza jina lake. Anayechezesha watoto kwa pesa penye maiti ni fisadi. Anayemnywesha mtoto chang'aa ni fisadi. Anayekodisha spika akijua kitakachotokea penye giza ni mshirika wa fisadi. Tuseme hivyo nyumbani, tuseme hivyo kanisani, tuseme hivyo katika mijadala ya chama hiki na katika maigizo yetu. Wazazi wetu watashtuka kwanza. Wacha washtuke.

Kuna swali dogo ambalo nimelitumia mwenyewe kupima sherehe yoyote, na naomba niwaachie. Nikifika mahali penye raha, najiuliza: ruhusa hii imetolewa na nani, inaisha saa ngapi, na nani analipa? Tohara ya Agosti inajibu maswali yote matatu. Arusi inajibu. Siku ya burudani hapa shuleni inajibu, na mwalimu wa zamu ndiye jibu la swali la pili! Disko matanga halijibu hata moja, isipokuwa lile la tatu, na jibu lake limo katika lile dawati tupu.

Wapo wanaosema ponda mali kufa kwaja. Methali hiyo mara nyingi husemwa na mwenye kuponda mali ya wengine. Mimi nachagua ile nyingine isemayo tamaa mbele, mauti nyuma, kwa sababu katika disko matanga mauti yako mbele kabisa, ndani ya nyumba, yamefunikwa shuka, na tamaa inacheza nje ikiyapa kisogo.

Walimu wetu, wanafunzi wenzangu, sina zaidi. Yeyote mwenye maoni tofauti na ayaandike. Kikao cha chama ni kila Alhamisi baada ya masomo, na mjadala huu nimeomba uwekwe wa kwanza. Aje na kamusi, na awe tayari kusema fisadi ni nani.